Mzima wa Bumbire

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu ila hadubini. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha maabara, nimepangiwa hospitali moja ya misheni wilayani Muleba, nikaripoti saa moja kasorobo asubuhi nikiwa nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi ya mkaa mara mbili. Mkuu wa Maabara alikuwa Mzee Haruna, Mwislamu wa Bukoba mjini, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alinionyesha kiti mbele ya hadubini, akaweka kioo chenye tone la damu lililokaushwa na kupakwa rangi.

"Adelina, unaona nini?"

Nikazungusha kifundo cha hadubini, nikaangalia. "Vimelea vya malaria, Mzee. Vingi."

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa unavitafuta. Mimi nimekuuliza unaona nini."

Akaenda zake kupokea wagonjwa. Nilikaa pale karibu nusu saa, shingo ikiniuma, nikipitisha macho shamba kwa shamba, maana ule mduara unaouona kwenye hadubini sisi huuita shamba. Ukingoni mwa kioo nikakuta chembe nyeupe moja kubwa, imevimba, tumboni ina madoa ya kahawia. Nilimwita nikamwonyesha. Akainama, akaangalia, akatabasamu kidogo.

"Imemeza vimelea. Hayo madoa ndiyo mabaki. Sasa niambie, nani aliyeiita pale?"

"Sijui, Mzee."

"Hata mimi sijui vizuri. Lakini sasa umeanza kazi."

Vijana wa leo mnaosoma fani hii mnakuta mashine inahesabu damu kwa dakika moja na kutoa karatasi. Sisi tulihesabu chembe kwa jicho, tukibonyeza kihesabio kidoleni. Sentrifuji, yaani ile mashine ya kuzungusha damu hadi majimaji yatengane na chembe, kwetu ilikuwa na mpini wa kuzungusha kwa mkono, na Mzee Haruna alitukataza kuongea wakati wa kuzungusha, kwa sababu anayeongea hupunguza mwendo bila kujua. Jokofu lilitumia mafuta ya taa. Nilikaa miaka mingi hospitalini hapo, nikaolewa, nikazaa, nikamzika baba. Mzee Haruna alipostaafu nikakalia kiti chake. Swali lake la siku ya kwanza, la nani anayeziita chembe nyeupe, nilikuwa nimelisahau kabisa. Kazi za hospitali huwa nyingi, na maswali ya namna ile hayana fomu.

Nililikumbuka nilipohamishiwa Bukoba mjini, kwenye maabara mpya ya utafiti. Msimamizi wangu sasa alikuwa Mtafiti Mkuu, daktari mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, aliyesoma mbali na kurudi nyumbani akiwa bado anakula ndizi kwa mkono. Siku ya kunipokea alifungua friza ndefu kama kabati la nguo, ikatoka mvuke wa baridi.

"Nyuzi themanini chini ya sifuri," akasema. "Dada Adelina, humu tunahifadhi maneno ya chembe."

"Maneno gani, Daktari?"

"Saitokini. Chembe za kinga hazina midomo. Chembe ikitaka kuiambia nyingine jambo, inamwaga protini ndogo ndogo kwenye damu. Chembe nyingine ina vipokezi juu ya ngozi yake, vimekaa kama tundu la kufuli. Protini ikiingia tundu lake, chembe ile inaamka. Nyingine huambiwa njoo, nyingine huambiwa zaliana, nyingine huambiwa tulia. Ziko nyingi, na baadhi tunaziita intalukini, tunazipa namba."

Nilisimama pale na baridi ikinipiga usoni, nikamkumbuka Mzee Haruna na swali lake. Nilikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka arobaini, na siku ile nilijisikia kama mwanafunzi aliyepewa kitabu kipya.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Watu wawili wanaweza kupata homa ya aina moja, kijiji kimoja, wiki moja, mmoja akaamka siku ya tatu akaenda shambani, mwingine akalazwa hali yake ikiwa mbaya. Mtafiti Mkuu alitaka kujua kama tofauti yao iko kwenye saitokini. Tulichukua damu za wagonjwa, na pia damu za watu wazima, yaani wasioumwa, kwa ajili ya kulinganisha, kwa sababu huwezi kusema kitu kimezidi kama hujui kawaida yake. Kila mshiriki alipewa namba. Jina lilibaki kwenye daftari lililofungiwa kabatini, nasi maabara hatukuruhusiwa kuliona.

Kazi ya kueleza jambo hili vijijini iliniangukia mara nyingi, kwa sababu naongea Kihaya cha nyumbani. Kule Izimbya, chini ya paa la ofisi ya kijiji, nilihangaika na vipokezi na protini hadi bibi mmoja akaninyoshea mkono.

"Waitu, mbona ni enduru tu," akasema, akiniita mwenzetu kwa Kihaya.

Enduru kwetu ni ukelele wa hatari. Mtu akivamiwa anaupiga, na kila anayeusikia anatoka na panga au fimbo. Nikakubali kwamba ndivyo, bibi amenifundisha kazi yangu.

"Na adui akishakufa," bibi akaendelea, "nani anawaambia watu warudi majumbani? Maana hapa wakishatoka, wanakanyaga maharage na kukata migomba ya mwenye mji."

Watu wakacheka. Nilipomsimulia Mtafiti Mkuu, naye alianza kucheka, halafu akaweka kalamu chini. "Huyo bibi," akasema, "ameuliza swali ambalo mimi nimeandika kurasa mia mbili kulizunguka."

Katika safari za kukusanya damu za watu wazima tulifika kisiwa cha Bumbire. Tulipanda boti asubuhi kutoka mwalo mmoja wa Muleba, mimi, muuguzi na masanduku mawili ya barafu. Zahanati ya pale ilitupa chumba. Watu walikuja kwa utaratibu: kipimo cha joto, kipimo cha malaria, maswali ya fomu, kisha damu. Nakumbuka mwanamke mmoja kijana, mwanikaji wa dagaa, aliyekaa na mikono chini ya kanga hadi nilipomwomba mkono mmoja. Joto lake lilikuwa sawa, malaria hana. Nilipokuwa nafunga mpira mkononi aliniuliza, "Mama, hiyo mashine ya mjini inaona kila kitu?"

"Inaona tunachoiuliza," nikamjibu. Nilidhani nimejibu vizuri. Nikachukua damu, nikabandika namba, nikamwita anayefuata.

Sasa niwaeleze kosa ambalo halikuandikwa popote kama kosa. Kipimo chetu kinaitwa elaiza. Kinafanyika kwenye kibao cha plastiki chenye visima vidogo tisini na sita. Chini ya kila kisima kumegandishwa kingamwili inayonasa saitokini moja tu. Unatia plazma, yale maji ya damu yenye rangi ya mkojo, unaosha, unatia kingamwili ya pili, unaosha tena, unatia dawa ya rangi. Kisima chenye saitokini nyingi kinageuka manjano iliyokolea. Kibao ni ghali, nacho hakipimwi kabla visima vyote havijajaa. Kwa hiyo tulisubiri damu zitimie, na zilipotimia tulisubiri vitendanishi, yaani dawa za kupimia, kutoka ng'ambo. Damu za Bumbire zilikaa kwenye friza miezi saba. Hivyo ndivyo utafiti ulivyofanya kazi, na hakuna aliyeona ubaya.

Siku tulipopima, kibao cha watu wazima kilitoka kama kinavyopaswa, visima vimekaa karibu vyeupe safu kwa safu, isipokuwa viwili vilivyokuwa vya mtu mmoja, maana kila mtu tulimpima mara mbili. Viwili hivyo vilikuwa vya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Ilikuwa intalukini namba sita, ile inayopandisha homa. Tulipopima namba kumi na nane, visima vya mtu yule yule vikawaka tena, na mashine ikashindwa kuvisoma kwa wingi wa rangi.

Msimamizi wa Takwimu, kijana makini sana, alikuja akaangalia skrini. "Mama, huyu ataniharibia wastani. Mtu mzima hawezi kuwa na namba hizi. Bila shaka pipeti iliteleza. Tumwondoe tu, tuandike kosa la maabara."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Pipeti, kile kifaa cha kufyonza na kutia matone, huteleza. Lakini mimi ndiye niliyeishika, na nilitaka kujua. Nikamwomba siku tatu.

Siku ya kwanza nilitoa kichupa cha pili cha mtu yule yule, kilichohifadhiwa kwenye boksi lingine, isije ikawa nilichanganya vichupa. Manjano ile ile. Siku ya pili nilitia dawa ya kuziba kingamwili bandia, kwa sababu damu za watu wengine zina kingamwili zinazoshikana na zetu na kutudanganya kwamba saitokini ipo. Manjano ile ile. Siku ya tatu nikaizimua plazma nusu kwa nusu, mara moja, mbili, tatu, nne. Kila nilipozimua, namba ilishuka nusu, kama mtu anayeshuka ngazi. Kitu cha uongo hakishuki kwa nidhamu namna ile.

Nikapeleka karatasi kwa Mtafiti Mkuu. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Adelina, ama sisi hatujui kupima, ama hatujui mtu mzima ni nani."

"Kupima najua, Daktari."

"Basi kuna mtu huko anaungua, nasi tumemwandika mzima."

Tatizo lilikuwa sheria. Vipimo vya utafiti si vipimo vya tiba, na daftari la majina halifunguliwi kwa sababu fundi maabara ana shauku. Mtafiti Mkuu aliandika barua kwa kamati ya maadili, akapiga simu, akaandika tena. Msimamizi wa Takwimu ndiye aliyechora mchoro wa ile ngazi ya kuzimua ukaambatishwa kwenye barua, na aliuchora vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Siku ya tisa tukaruhusiwa. Kabati likafunguliwa. Jina lilikuwa Jenerosa, miaka ishirini na sita, Bumbire.

Nilikwenda mwenyewe pamoja na muuguzi. Pale mwaloni tuliuliza, tukaelekezwa nyumba ya mabati nyuma ya vichanja vya dagaa. Mama yake, Ma Paskazia, alikuwa mlangoni anapepeta. Tulipojieleza hakutukaribisha ndani.

"Ninyi ndio mliochukua damu ya mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Ni sisi."

"Mkakaa nayo wapi siku zote hizi?"

Ningeweza kumweleza habari za vibao na vitendanishi. Nikamwambia, "Kwenye baridi, mama. Tulikuwa tunasubiri damu za wengine zitimie. Tumechelewa."

Halafu akainua ungo, akatupisha njia.

Nilipomwona nilimtambua. Ni yule wa mikono chini ya kanga. Sasa mikono ilikuwa juu ya blanketi, vifundo vya vidole vimevimba na kung'aa, na shingoni matezi yalionekana kwa macho. Alikuwa amekonda. Muuguzi alimpima joto, na saa ile ya alasiri lilikuwa limepanda sana.

"Linapanda hivi kila siku saa hizi," Ma Paskazia akasema. "Asubuhi unaweza kusema amepona. Ametibiwa malaria mara nne, taifodi mara mbili. Wakwe zake wanasema karogwa, wamemrudisha kwangu."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Jenerosa, siku ile tulipokuja, ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa, Mama."

"Fomu inasema uliulizwa, ukajibu mzima."

Alifumba macho kidogo. "Mlitangaza mnatafuta watu wazima. Nikijibu naumwa, mngenirudisha zahanati nikapewa tena dawa ya malaria. Nilitaka damu yangu ifike kwenye mashine ya mjini. Nikaja asubuhi mapema kabla homa haijapanda." Kisha akauliza, "Imeona?"

Nimefanya kazi miaka thelathini na kitu na sijaulizwa swali lililoniingia moyoni kama lile. Nikamwambia imeona kitu, hatujui ni nini, na kwamba tumekuja kumpeleka kwa daktari anayeweza kuuliza zaidi.

Tulirudi naye Bukoba. Daktari Bingwa wa magonjwa ya ndani alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, asiyependa kuharakishwa. Alimpima kifua kikuu, virusi, vijidudu kwenye damu, vijidudu kwenye mkojo. Kila jibu la awali lilirudi hakuna. Alipima feritini, protini inayotunza madini ya chuma mwilini, ambayo hupanda mwili ukiwaka. Ilikuwa imepanda kupita kiasi alichowahi kukiona.

"Nadhani ni kinga yake mwenyewe," akatuambia mimi na Mtafiti Mkuu kwenye korido. "Kuna ugonjwa wa namna hii. Homa ya kila siku saa ile ile, viungo, matezi, koo. Mfumo wa kinga unapigana bila adui. Dawa yake ni steroidi, kuinyamazisha kinga. Lakini hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Na ikiwa nimekosea, ikiwa kuna kifua kikuu kimejificha mahali, nikiizima kinga yake nitakuwa nimemuua. Karatasi yako, mama, ni fununu. Si hukumu."

Sikubishana naye, maana ndivyo ilivyokuwa. Akaamua kusubiri majibu ya kuotesha vijidudu.

Siku ya tano hali ikabadilika. Alianza kutoka damu kwenye fizi. Hesabu zake za damu, chembe nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha, zilikuwa zinashuka zote pamoja tangu juzi yake. Ajabu ni kwamba kwa mtu anayewaka vile, chembe nyeupe ndizo zingepaswa kupanda. Daktari Bingwa alichukua uboho wake, ule unaotengeneza damu ndani ya mfupa, akaupaka kwenye vioo na kuvileta maabara mwenyewe, amevishika mkononi kama mayai.

Maabara ya hospitali walikuwa wawili tu na foleni ya wagonjwa imefika nje. Nikaomba kiti. Nikapaka rangi, nikasubiri ikauke, nikakaa kwenye hadubini. Mwanzoni nilitafuta nilichokuwa nakitarajia, yaani seli za saratani ya damu, na hazikuwepo. Nikajikaripia kimoyomoyo. Nikaanza upya, shamba kwa shamba, bila kutafuta jina lolote.

Kwenye kioo cha tatu nikazikuta. Chembe nyeupe kubwa, zile za kulamba uchafu, zimejaa tumboni. Hazikuwa zimemeza vimelea. Zilikuwa zimemeza chembe nyekundu nzima nzima, zenye afya, moja ilikuwa na tano ndani yake. Jeshi lilikuwa linakula watu wa mji wake. Nakiri kwamba kwanza nilistaajabu, huruma ikaja baadaye. Sijivunii mpangilio huo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Daktari Bingwa aliangalia kwa dakika nyingi. Aliponyanyuka alivua miwani.

"Hizi zimeamrishwa," akasema kwa sauti yake ndogo. "Na anayeamrisha hajui kuacha. Tukisubiri majibu ya vijidudu, tutayapokea akiwa ameshakufa."

"Na kifua kikuu, Daktari?" Mtafiti Mkuu akauliza.

"Nitamchunga kila siku. Lakini nimeshaona cha kunitosha."

Alikwenda wodini, akakaa na Ma Paskazia na Jenerosa, akawaeleza yote, hata kwamba dawa inaweza kumdhuru. Ma Paskazia alinigeukia mimi, si yeye. "Waitu, wewe uliyesema mmechelewa. Hapa je?"

"Hapa hatujachelewa, mama. Lakini hatuna muda wa kupoteza."

"Basi mpeni."

Steroidi iliingia kwenye mshipa mchana ule. Kesho yake saa tisa, saa ya homa, mimi na muuguzi tulisimama karibu na kitanda kama watu wanaosubiri mgeni. Homa ilikuja, lakini fupi. Siku iliyofuata haikuja. Siku ya nne Jenerosa aliomba ndizi zilizopikwa na maharage, akala kijiko kwa kijiko huku mama yake akimhesabia kwa Kihaya. Nilichukua damu yake kila asubuhi, na hesabu zikapanda pole pole.

Sitaki kuwadanganya kwamba alipona kabisa. Ugonjwa ule hauondoki, hulala. Anakunywa vidonge vya kila wiki vya kuituliza kinga. Uliamka tena mara mbili, na mara moja alilazwa tena. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Zipo dawa zinazoziba lile tundu la kufuli, ili ujumbe wa intalukini usiingie. Nimesoma habari zake, lakini mpaka nastaafu sikuwahi kuziona hapa kwetu. Wakwe walimtaka arudi, hakurudi. Sasa ana vichanja vyake vya dagaa, na watu wawili wanaomsaidia kuvianika.

Upande wetu, damu yake iliondolewa kwenye kundi la watu wazima, kwa sababu hakuwa mzima, ikaandikwa sababu ya kweli. Msimamizi wa Takwimu alikataa neno kosa la maabara litumike, bila mimi kuomba. Tuliacha kusubiri vibao vijae. Tulipima hata visima ishirini tu na kuacha vingine vitupu, na walioona ni ufujaji tuliwaeleza habari za Bumbire. Na kwenye fomu ya watu wazima niliomba liongezwe swali moja mwishoni: "Kuna jambo linalokusumbua ambalo hatujakuuliza?" Msishangae, karibu kila fomu ilirudi na kitu kwenye nafasi ile. Wengine waliandika mgongo, wengine waliandika mume.

Sasa nimestaafu, naishi Buhembe, nina kibanja cha migomba na buni kidogo. Vijana wa maabara hunipigia simu kipimo kinapowagomea, nami huuliza kwanza walichokiona kabla hawajanieleza wanachodhani. Watu wananiuliza kama nimechoka na damu. Sijachoka. Ninachokijutia ni ile miezi saba tu. Huwa najiambia kwamba kama ningemuuliza yule mwanamke kwa nini ameficha mikono, pasingehitajika mashine. Halafu najiambia kwamba bila mashine hakuna daktari ambaye angeamini. Yote mawili ni kweli, na sijapata namna ya kuyapatanisha.

Ipo kazi moja ya mwisho niliyoifanya wiki chache kabla ya kukabidhi funguo. Utafiti ulikuwa unafungwa, na sheria inasema damu zilizobaki ziteketezwe, isipokuwa mwenyewe akiridhia upya zihifadhiwe kwa maswali ya baadaye. Nilivuka kwenda Bumbire na fomu ya Jenerosa. Tulikaa karibu na vichanja, harufu ya dagaa ikiwa kali. Ma Paskazia alituletea chai. Jenerosa aliisoma fomu yote mwenyewe, hakutaka nimsomee.

"Mkiiweka, mtaiuliza nini?"

"Kwa nini ilianza," nikasema. "Kwa nini kwako na si kwa dada yako mliyekula naye chungu kimoja. Hatujui."

"Na mimi nitajibiwa?"

"Huenda isiwe mimi wa kukujibu. Huenda ikachukua miaka mingi, Jenerosa. Huenda jibu likamfikia mtu mwingine kabisa."

Aliwatazama wasaidizi wake wakianika dagaa. Kisha akachukua kalamu, akaibana kwa vidole vitatu vinavyomtii, akaweka sahihi. Hakunirudishia karatasi. Aliinama tena, na chini ya sahihi, mahali ambapo hapakuwa na mstari wala swali, akaandika kwa herufi kubwa za pole pole: NA MIMI NATAKA KUJUA.